Hukumu batili haijifuti yenyewe

Nina deni la neno moja, na leo nakusudia kulikiri hadharani. Mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili na mkaazi wa Njoro, mama mmoja mjane aliyekuwa jirani yetu aliniletea barua ya wakili iliyoandikwa kwa Kiingereza. Baraza la wazee wa kuamua mizozo ya ardhi lilikuwa limekata shauri kwamba shamba lake la ekari tano, ambalo hatimiliki yake ilikuwa na jina lake pekee, ligawanywe katikati na nusu apewe shemeji yake. Wakili aliandika kwamba uamuzi huo ulikuwa batili, kwa sababu baraza halikuwa na mamlaka ya kugusa hatimiliki. Nilimfasiria. Akaniuliza, "Batili maana yake hasa ni nini, mwanangu?" Nami, kwa ujasiri wa kijana aliyesoma vitabu vingi lakini hajawahi kusoma kesi hata moja, nikamjibu: "Maana yake si kitu, Mama. Ni kama haukuwahi kutolewa."

Aliondoka akiwa amefurahi. Barua aliikunja akaitia katika kopo la bati pamoja na hatimiliki na cheti cha kifo cha mumewe. Barua hiyo ilikuwa na aya ya pili, ambayo wakili alimtaka arudi ofisini mwake upesi. Aya hiyo niliisoma, lakini niliisoma kwa haraka, kama mtu amalizaye salamu za mwisho wa barua. Yeye naye hakuisikia, kwani alikuwa amekwisha kusikia alilolitaka. Miezi michache baadaye alipata ilani kwamba uamuzi wa wazee umewasilishwa katika korti ya hakimu na kufanywa hukumu ya korti. Ilani nayo ikaingia koponi. Ya nini kuhangaika na kitu kisichokuwepo?

Mwaka 2020 mpimaji wa ardhi alifika shambani akiwa na vigingi, wana wa shemeji yake, na askari wawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mambo ambayo mtu wa isimu hana haja ya kuyasoma, na ninayoyaandika hapa ni matunda ya masomo hayo ya kuchelewa. Sijidai kuwa mwanasheria. Lakini shina la balaa la mama huyu ni neno, na maneno ndiyo kazi yangu.

Tuanze na vitenzi viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: kukosa na kukosea. Msomaji aliyewahi kutazama kandanda katika Uwanja wa Afraha hapa Nakuru ataelewa upesi. Refa akidhani mshambuliaji ameangushwa, kumbe amejiangusha mwenyewe, akatoa penalti na bao likafungwa, refa huyo amekosea. Mashabiki watapiga kelele, magazeti yataandika, lakini bao ni bao. Sasa tuseme mtazamaji mmoja anateremka jukwaani akiwa na kipenga chake mfukoni, anaingia uwanjani na kupuliza penalti. Huenda hata ameona sawasawa kuliko refa. Hata hivyo penalti yake haifai kitu, kwa kuwa amekosa mamlaka. Wa kwanza alikuwa na mamlaka akayatumia vibaya. Wa pili hakuwa nayo tangu mwanzo, na usahihi wa macho yake haumsaidii. (Najua kwamba kukosa kuna maana ya kutenda dhambi pia, ndiyo maana twasema "nimekosa, nisamehe". Lugha haikuumbwa ili kuwafaa mawakili.)

Tofauti hii ndiyo msingi wa jambo zima. Aliyeshindwa na mahakama yenye mamlaka hana budi kukata rufaa, na rufaa zikiisha, ameshindwa, hata kama hakimu alikosea. Aliyehukumiwa na chombo kisicho na mamlaka anaweza kusema kwamba hakuna hukumu ya kukatiwa rufaa. Wengi walioshindwa kwa haki hupenda kujificha katika fungu hili la pili, na hapo ndipo mahakama hushuku kila anayekuja na neno batili mdomoni.

Mabaraza yale ya wazee yaliundwa na Sheria ya Mabaraza ya Mizozo ya Ardhi, nambari 18 ya mwaka 1990. Yalipewa mambo matatu tu: kugawa ardhi au kuamua mipaka yake, madai ya kukaa au kulima katika ardhi, na uvamizi. Kuamua nani mwenye ardhi iliyosajiliwa hakukuwemo. Kazi hiyo ilikuwa ya mahakama. Uamuzi wa wazee ulipelekwa kwa hakimu, naye kazi yake ilikuwa kuuandika uwe hukumu ya korti bila kupima ubora wake. Asiyeridhika alikuwa na siku 30 za kukata rufaa katika kamati ya mkoa. Aliyetaka Mahakama Kuu iufute uamuzi kwa kukosa mamlaka alikuwa na miezi sita. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2011, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoundwa, lakini hukumu zilizozaliwa chini yake hazikufutwa pamoja nayo. Nyingi zimelala katika makopo kama lile la jirani yangu.

Katika sehemu zetu hizi za kati ya Bonde la Ufa, wazee hawakuvuka mpaka wao kwa ubaya wa roho tu. Fikiria jinsi mashamba yalivyopatikana. Mashamba makubwa ya walowezi huko Bahati, Subukia, Rongai, Solai na Njoro yalinunuliwa baada ya uhuru na vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa, kama vile Ngwataniro katika miaka ya 1970. Mtu alilipa hisa, pengine kwa pesa alizochangiwa na ndugu, akaokota namba katika kura, akaonyeshwa kipande chake, na hatimiliki ikaja baada ya miaka mingi, kama ilikuja. Katika ukoo, swali la nani alilipa hisa na swali la nani ana karatasi ni maswali mawili yenye majibu mawili. Wazee walilijibu la kwanza, kwa kuwa ndilo waliloweza kulijibu: waliwajua waliochanga. Shemeji wa jirani yangu aliapa mbele yao kwamba aliuza ng'ombe wawili ili kuchangia hisa ya kaka yake. Sina hakika kwamba alisema uongo. Nina hakika kwamba baraza lile halikuwa mahali pa kuamua kama ng'ombe wawili wanavunja hatimiliki.

Na mama huyu angejuaje kwamba wazee hawana mamlaka? Waliketi chini ya bendera, katika kiwanja cha ofisi ya serikali, chifu akiwa kando na askari wake. Neno lenyewe linampoteza. Mamlaka tulilipata kutoka Kiarabu, ambako ni ufalme, milki ya mtawala. Mwanakijiji akisikia mamlaka huona nguvu, cheo, uwezo wa kumfunga mtu. Ukimwambia kwamba wazee hao, ambao chifu mwenyewe huwaamkia kwa heshima, hawana mamlaka, atakutazama kama mwendawazimu. Mwanasheria akisema mamlaka ana maana nyembamba: mpaka wa mashauri ambayo sheria imekiruhusu chombo fulani kuyasikiliza. Kadhi ana mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Akimhukumu mwizi wa kuku, hata mwizi akiungama, hukumu hiyo ni bure. Kadhi hakupungukiwa na heshima wala elimu. Ni kuku tu ambaye hayumo katika mashauri yake. Cha ajabu ni kwamba mamlaka na hatimiliki ni ndugu, kwani vyote viwili vinatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa kumiliki. Wazee walikosa la kwanza wakaigusa ya pili.

Hadi hapa jibu langu la mwaka 2009 linaonekana sahihi. Wanasheria wetu wenyewe husema hivyo kwa sauti kubwa. Mwaka 1989, katika kesi ya meli iitwayo Lillian S dhidi ya kampuni ya mafuta ya Caltex, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mamlaka ndiyo kila kitu, na kwamba mahakama ikishajua haina mamlaka haina ruhusa ya kupiga hatua moja zaidi. Sharti iweke zana zake chini. Sidhani kuna wakili Nakuru asiyeijua kesi hiyo kwa moyo.

Kesi nyingine wanayoipenda ni ya Macfoy, iliyotoka Sierra Leone na kuamuliwa na Baraza la Mfalme huko London mwaka 1961. Humo Lord Denning alisema kwamba tendo likiwa batili halina haja ya kufutwa na amri ya mahakama, na kwamba huwezi kusimamisha kitu juu ya utupu ukatarajia kisimame. Maneno hayo yamenukuliwa katika mahakama za Afrika Mashariki mara nyingi mno. Lakini aliendelea kidogo, akakiri kwamba wakati mwingine inafaa mahakama itamke ubatili huo. Tena wachache wanaomnukuu hukumbuka kwamba Macfoy mwenyewe alishindwa! Kosa alilolilalamikia, la kupelekewa hati za madai wakati wa likizo ya mahakama, lilionekana kuwa kasoro ya utaratibu tu, kasoro ambayo angeweza kuipinga mapema, naye hakufanya hivyo. Sentensi inayotumiwa kuwapa watu tumaini ilitamkwa katika kesi ya mtu aliyekwenda nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1984 Baraza hilo hilo lilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Isaacs kutoka kisiwa cha St Vincent. Isaacs alipuuza amri ya Mahakama Kuu, na ilikuwa kweli kwamba amri ile haikustahili kutolewa. Hata hivyo akapatikana na hatia ya kuidharau mahakama. Lord Diplock alisema kwamba amri ya mahakama ya namna hiyo hutiiwa mpaka itanguliwe, na mtu binafsi hana ruhusa ya kuipima mwenyewe na kuitupa.

Rudi sasa Afraha. Mfano wangu ulikuwa na upungufu ambao niliuficha makusudi. Yule mtazamaji mwenye kipenga hakuishia uwanjani. Penalti yake ilichukuliwa na refa halali, naye akaiandika katika ripoti ya mchezo, akatia sahihi na muhuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hakimu alipoufanya uamuzi wa wazee kuwa hukumu ya korti. Kuanzia hapo mpimaji haulizi wazee walikuwa na mamlaka gani. Anatazama muhuri. Askari naye anatazama muhuri. Je, muhuri uliowekwa juu ya utupu ni utupu? Majaji wetu wamepita njia mbili. Wako waliosema kwamba uamuzi uliozaliwa mfu hauwezi kufufuliwa na hakimu, na hukumu yake inaanguka nao hata baada ya miaka mingi. Wako pia waliosema kwamba sheria ilitoa njia za kuupinga na muda wa kufanya hivyo. Aliyeketi nyumbani akauacha muda upite hana haki ya kuja kuuita batili wakati mpimaji amefika mlangoni. Hoja ya hawa wa pili naichukia, lakini siwezi kuidharau. Shemeji naye, au wanawe, wamekaa miaka kumi na moja wakiamini kwamba kesi yao imekwisha.

Kwani mwisho wa kesi nao ni haki. Mwaka 2012 Mahakama yetu ya Juu, iliyokuwa bado changa, iliwekwa katika mtihani mkali katika kesi ya S. K. Macharia na benki ya KCB. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mahakama ya Juu kiliipa uwezo wa kupitia upya hukumu zilizotolewa na majaji fulani waliokuwa wameondoka kazini. Mlango ulikuwa wazi, na nyuma yake walipanga foleni watu wenye machungu ya miaka mingi. Majaji waliufunga. Walisema kifungu hicho hakipatani na Katiba, na kwamba mahakama hupata mamlaka yake kutoka Katiba au sheria, wala haiwezi kujipa yenyewe kwa huruma. Wengi walikasirika. Mimi naona walifanya jambo gumu na la haki: mahakama ambayo ingewaokoa watu kwa mamlaka isiyo nayo ingekuwa mtazamaji mwingine mwenye kipenga.

Miaka mitano baadaye mahakama hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili. Majaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi walikuwa wamesaidia kusikiliza rufaa za jinai ili kupunguza mrundiko wa kesi, na huko Malindi waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu walikataliwa rufaa zao na jopo lenye jaji wa aina hiyo. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Juu ilikubaliana na Mahakama ya Rufaa kwamba jaji wa ardhi hawezi kusikiliza rufaa ya jinai, hata akiwa na cheo sawa na jaji wa Mahakama Kuu, na hata akiwa na nia njema. Kazi yote ilikuwa bure. Rufaa zikaamriwa zisikilizwe upya. Tazama lakini: wafungwa wale hawakutoka gerezani siku jopo lilipokaa vibaya. Walitakiwa kwanza wapande ngazi, wapinge, wasikilizwe, na mahakama itamke. Ubatili ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na katika muda huo wote waliendelea kukaa nyuma ya kuta zilezile.

Bonde hili letu lilikutana na neno mamlaka zamani kuliko wengi wanavyojua. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru, baadhi wakapelekwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba makao mapya yatakuwa yao maadamu kabila lao lingalipo. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 yakaletwa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia. Ole Gilisho na wenzake walifanya jambo la ajabu kwa zama zile: wakaajiri mawakili na kuishtaki serikali. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ya Mombasa, na kisha Mahakama ya Rufaa, zilijibu kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na kwamba mahakama ya nchi haina mamlaka ya kuyaamua. Watu walionyimwa udola katika kila jambo walipewa udola siku ile moja, ili wafungiwe mlango. Hapo hapakuwa na uamuzi juu ya haki. Palikuwa na mahakama iliyoweka zana chini. Mwaka 2004, karne moja baada ya mapatano ya kwanza, wajukuu wao waliandamana Nairobi na Laikipia kudai ardhi ile. Mahakama kusema "sina mamlaka" kunaweza kumaliza shauri kama hukumu yoyote ile.

Sasa niseme neno juu ya lugha yetu. Sheria zetu za mwenendo wa kesi zimeruhusu Kiswahili katika korti za chini, lakini karatasi zinazomfikia mwananchi, zile zenye tarehe na muda, aghalabu huwa za Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sisi tungeweza kuanza na jambo dogo mno: nyuma ya kila uamuzi, wa baraza au wa mahakama, iandikwe kwa Kiswahili siku za kuupinga na mahali pa kuupinga. Na wafasiri wa kortini, pamoja nasi tunaowafunza wafasiri, tusiliache neno batili litembee peke yake. Katika Kiswahili cha ndoa tumezoea kutofautisha: ndoa ya mtu na dada yake haikuwa ndoa kamwe, ilhali ndoa yenye dosari nyingine husimama mpaka itanguliwe. Tuna vitenzi vya kutosha. Kutangua ni kitenzi kizuri, kwani humkumbusha msikilizaji kwamba lazima awepo mtanguaji.

Laiti mwaka 2009 ningalimwambia: "Mama, wakili anasema uamuzi huu unaweza kutanguliwa, na mwenye kuutangua ni mahakama, una miezi sita tu, twende kesho." Maneno hayo ni marefu kuliko "si kitu", nami nilipenda ufupi.

Vigingi vya mpimaji viling'olewa usiku uleule, sijui na nani, na sitaki kujua. Wakili mpya alipeleka ombi la kuitangua hukumu, akieleza kwa nini mama alichelewa. Katika kiapo chake imo sentensi inayosema kwamba alifasiriwa vibaya na jirani msomi. Niliombwa kuithibitisha kwa kiapo changu mwenyewe, nami nilikwenda mbele ya kamishna wa viapo nikaitia sahihi. Mama huyu hajanilaumu hata mara moja. Mwaka huu ametimiza umri ambao hawezi tena kulima, amepanda miti ya gravelia kandokando ya mpaka wote wa ekari tano, upande wa shemeji ukiwemo. Juma lililopita alinijia tena na karatasi, ilani ya tarehe ya kusikilizwa, akanikabidhi na kuketi. "Soma yote, mwanangu," akasema. "Hata zile salamu za mwisho."